Kutambua Vishikio vya Zamani vya Darubini kwenye Bunduki ya Kuwindia ya Urithi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimerithi bunduki yenye darubini ya kizamani. Nianze na nini?

Anza na chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Toa magazini, fungua komeo (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), tazama ndani kwa macho, kisha pitisha kidole kidogo. Bunduki iliyokaa kabatini miaka mingi inaweza kuwa na risasi ambayo hakuna aliye hai anayejua iliwekwa lini. Pia maliza suala la kibali. Silaha ya marehemu ina utaratibu wake katika sheria ya kila nchi, na fundi bunduki halali hataipokea kabla utaratibu huo haujakamilika.

Baada ya hapo, weka bisibisi mbali. Kishikio cha zamani hutambulika kwanza kwa namna kinavyoshika na namna kinavyoachia, na jina la kiwanda hufuata baadaye. Ushahidi huo uko kamili pale tu vipande vyote vikiwa mahali pake. Ukishafungua pete mbili na kuzichanganya, au kutupa kipande chembamba cha shaba kilichokuwa chini ya msingi, umefuta nusu ya maelezo.

Piga picha kwanza: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, juu, mbele ukitazama kutoka mdomo wa mtutu, nyuma ukitazama kutoka kitako, halafu picha za karibu za kila skrubu na kila wenzo. Weka rula ndani ya picha. Taa itoke pembeni, maana taa ya usoni hufuta maandishi yaliyogongwa kwa kina kidogo.

Mnaposema kishikio, pete na msingi, mna maana gani?

Msingi ni kipande kilichofungwa kwenye mwili wa bunduki, yaani lile chuma linalobeba komeo. Pete ndizo zinazokumbatia bomba la darubini. Vyote kwa pamoja ni kishikio. Baadhi ya bunduki hazina msingi kabisa kwa sababu reli imechongwa kwenye mwili wenyewe, na baadhi ya darubini hazina pete kwa sababu miguu imelehemiwa moja kwa moja kwenye bomba au kwenye reli iliyo chini ya bomba. Ukikuta hivyo usidhani kuna kipande kilichopotea.

Mbona sioni jina la kiwanda popote?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza, vishikio vingi vya Ulaya, hasa vya Ujerumani na Austria, vilitengenezwa kwa tupa mkononi mwa fundi kwa ajili ya bunduki moja tu. Hakuna kiwanda cha kuandikwa. Badala ya jina utakuta namba: tarakimu za mwisho za namba ya bunduki zimegongwa kwenye pete, kwenye mguu, au kwenye bomba. Zikilingana, una seti kamili iliyozaliwa pamoja, na hiyo ni habari kubwa kuliko jina lolote.

Ya pili, jina lipo ila limefichwa. Weaver, kampuni ya Marekani ya darubini na vishikio, waligonga namba ya modeli kwenye misingi yao, mara nyingi upande wa chini au kwenye uso ambao darubini inaufunika. Tumia kioo kidogo cha mkono na taa kabla ya kufikiria kufungua chochote.

Darubini yangu inatoka bila bisibisi. Hiyo ni aina gani?

Hapa ndipo penye mambo mengi, basi twende taratibu.

*Kishikio cha makucha.* Tazama miguu miwili ya mbele chini ya darubini: kama imepinda kama kucha na kuingia kwenye vitundu viwili vya mstatili juu ya mwili wa bunduki, hicho ni kishikio cha makucha, ambacho Wajerumani hukihusisha na mji wa Suhl. Nyuma kuna mguu mwingine unaoshikwa na kilimi chenye springi. Unabonyeza au kuvuta kilimi, unanyanyua upande wa nyuma wa darubini, kisha makucha ya mbele yanachomoka yenyewe. Kurudisha ni kinyume chake: makucha ya mbele kwanza, kwa mshazari, halafu unashusha nyuma mpaka usikie mlio mfupi na mkavu. Ukisikia mlio mzito, au usiposikia kitu, kuna uchafu kwenye kitundu au kilimi kimechakaa. Usipige kwa kiganja ili kiingie.

*Kishikio cha kuzungusha.* Hiki kina mguu mmoja wa mbele wa duara, na nyuma kuna wenzo. Unafungua wenzo, unazungusha darubini nzima kuelekea pembeni mpaka nyuzi 90 hivi, na inanyanyuka. Kazi hii ilienea Austria na Ujerumani, na jina utakalokutana nalo zaidi ni EAW, yaani Ernst Apel, wa eneo la Würzburg.

*Kishikio cha bawaba.* Darubini inalala pembeni kama mlango lakini haitoki. Pachmayr wa Los Angeles walikiita Lo-Swing. Weaver nao walikuwa na cha kwao. Kusudi lake ni kumruhusu mwindaji atumie vilengeo vya chuma papo hapo, mvua ikiloanisha kioo au mnyama akitokea karibu mno.

*Wenzo mbili ubavuni.* Ukiona reli ya chuma ubavuni kushoto mwa mwili wa bunduki, imefungwa kwa skrubu na pini nyembamba, na sehemu ya juu ina wenzo mbili ndogo, fikiria Griffin & Howe wa New York, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923. Jina lao kwa kawaida limeandikwa. Wenzo moja tu ubavuni inaelekeza kwa watu wengine, kama Paul Jaeger wa Jenkintown, Pennsylvania. Holland & Holland wa London nao walikuwa na kishikio chao cha ubavuni cha kutoa na kurudisha.

Ina skrubu mbili kubwa nyuma, zinatazamana. Je, ni za kufunga tu?

Hapana, hizo ndizo za kurekebisha kushoto na kulia. Huo ni mtindo wa Redfield wa Denver, uliojulikana kama Junior au JR, ambao baadaye uliigwa na wengine wakiwemo Leupold. Alama zake ni tatu: msingi mmoja mrefu wa chuma unaovuka nafasi ya kutolea maganda, pete ya mbele yenye ulimi unaoingia kwenye msingi na kuzungushwa nyuzi 90, na pete ya nyuma iliyobanwa katikati ya vichwa viwili vya skrubu pana.

Makosa mawili yanaharibu seti hizi kila siku. La kwanza ni kutumia darubini yenyewe kama mpini wa kuzungushia pete ya mbele. Bomba hupinda kidogo, na upindaji huo huwezi kuuona kwa macho ila utauona shabahani. Toa darubini kwenye pete, weka mti mviringo wenye kipenyo sawa na bomba na urefu wa sentimita 30 hivi, paka grisi kidogo kwenye ulimi, ndipo uzungushe. La pili ni kukaza skrubu ya upande mmoja bila kulegeza ya upande wa pili. Legeza kwanza, kisha kaza. Ukitaka kutoa darubini na kuirudisha karibu na pale ilipokuwa, ondoa skrubu ya upande mmoja tu na uiache ya pili bila kuigusa. Hiyo ndiyo kumbukumbu yako.

Conetrol wa Seguin, Texas, wanafanana na hawa kwa wazo, lakini pete zao ni laini na hakuna kichwa cha skrubu kinachojitokeza. Watu wengi hudhani zimelehemiwa na kuanza kuzipasha moto. Tafadhali usifanye hivyo.

Nitajuaje kama ni Weaver?

Chukua sumaku. Misingi ya kawaida ya Weaver ni ya alumini iliyopakwa weusi, kwa hiyo sumaku haishiki, ilhali Redfield na vile vya fundi wa Ulaya ni chuma na sumaku itang'ang'ania. Kisha tafuta mfereji unaokata msingi kwa upana. Ndani yake unapita mhimili wa bolti ya pete, na upande wa nje kuna nati kubwa yenye mikwaruzo ya kushika kwa vidole na mfereji unaotosha sarafu. Upana wa mfereji huo ni milimita 4.6 hivi.

Pete za zamani za Weaver zina tabia moja ya kuudhi. Sehemu ya juu ni utepe wa chuma ulionasa upande mmoja na kufungwa kwa skrubu mbili upande wa pili. Unapokaza, utepe unavuta bomba na kulizungusha, na msalaba wa kulengea ndani ya darubini, uliokuwa wima, unainama. Watu hulaumu darubini. Dawa yake ni kuuinamisha msalaba kidogo kuelekea upande wa pili kabla ya kukaza, ili ufike wima skrubu zikishakaza.

Pete za kisasa zitaingia kwenye msingi huo?

Si lazima. Mifereji ya reli ya kisasa ya Picatinny, iliyowekewa kiwango cha kijeshi cha Marekani mwaka 1995, ina upana wa milimita 5.2 hivi na nafasi sawa ya milimita 10 kutoka katikati hadi katikati. Pete za Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny, ila pete za Picatinny zenye mhimili mnene hazitaingia kwenye mfereji wa milimita 4.6. Usipanue mfereji kwa tupa. Msingi mwingine utapatikana, lakini huo uliopigwa tupa hautarudi ulivyokuwa.

Bunduki yangu haina msingi. Pete zimekaa moja kwa moja kwenye mwili.

Basi jina la bunduki ndilo litakaloeleza kishikio. CZ 550 ina reli yenye kingo za mshazari ya upana wa milimita 19, CZ 527 ina milimita 16, na bunduki ndogo za .22 za kiwanda hicho zina milimita 11. Sako wa Finland walichonga reli inayopungua upana kadiri inavyokwenda, na teke la bunduki huikaza pete badala ya kuilegeza. Pete za Sako huja kwa ukubwa wa mwili: L461, L579 na L61R ni miili mitatu tofauti, kwa hiyo soma herufi hizo kwenye chuma kabla ya kuagiza. BSA wa Birmingham nao walikuwa na reli inayopungua kwenye modeli kama Majestic. Ruger M77, iliyotoka mwaka 1968, haina reli. Ina mikato ya nusu duara inayopokea pete zilizotengenezwa kwa ajili yake tu.

Kosa la kawaida hapa ni kununua pete ya reli sambamba na kuiweka kwenye reli inayopungua. Itashika upande mmoja, itaonekana imekaza, na baada ya risasi kadhaa itaanza kutembea.

Darubini haina vifuniko vya marekebisho. Imeharibika?

Pengine haijaharibika. Bausch & Lomb waliuza darubini za kuwindia, zikiwemo Balvar, ambazo marekebisho yote yako kwenye kishikio na ndani ya bomba hakuna kinachosogea. Kuharsky wa Erie, Pennsylvania, walitengeneza vishikio kwa ajili yake. Ukiitenga darubini na kishikio chake, umebaki na bomba lisiloweza kusawazishwa.

Darubini nyingi za zamani za Ujerumani ziko nusu kwa nusu: zina gurudumu moja tu juu, la kupandisha na kushusha. Kushoto na kulia hufanywa kwenye msingi wa nyuma, kwa skrubu ndogo zinazosukumana. Skrubu hizo wengi huziona kama za kufungia na kuzikaza zote mbili kwa nguvu, halafu wanashangaa risasi zinakwenda pembeni.

Bomba refu jembamba linateleza mbele na nyuma kwenye pete. Nilikaze?

Usilikaze! Hiyo ni darubini ya kulengea shabaha ya mtindo wa Unertl, Lyman au Fecker. Inakaa kwenye vitalu viwili vidogo vilivyofungwa kwenye mtutu au kwenye mtutu na mwili, na imekusudiwa kuteleza bunduki inapopiga teke. Nyingine zina springi ya kuirudisha, nyingine unairudisha kwa mkono kila risasi. Pete ya nyuma ina maikromita mbili. Pima umbali kati ya vitalu, katikati hadi katikati: kama ni inchi 7.2, yaani milimita 183 hivi, kila mlio wa maikromita husogeza risasi robo inchi kwa yadi 100. Umbali ukiwa tofauti, thamani ya mlio hubadilika nayo.

Ni vipimo vipi nichukue, na kwa kifaa gani?

Kalipa inayosoma sehemu ya mia ya milimita inatosha. Kipimo cha kwanza ni kipenyo cha bomba, kikipimwa karibu na pete bila kuigusa pete. Milimita 19 ni inchi robo tatu, kipenyo cha Weaver za awali kama modeli 330. Milimita 22.2 ni saba ya nane ya inchi. Milimita 25.4 ni inchi moja, kipimo kilichotawala Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Milimita 26 na 26.5 ni za Ulaya, na 30 ni za Ulaya pia ila nyingi za baadaye.

Tofauti ya 25.4 na 26 ndiyo inayoleta maafa. Ni milimita 0.6 tu, na bomba la 26 litaingia kwenye pete ya inchi moja ukikaza kwa nguvu. Litaingia likiwa limebonyea. Kinyume chake, bomba la 25.4 kwenye pete ya 26 litateleza hata ukikaza mpaka skrubu ilie.

Kipimo cha pili ni umbali wa mashimo ya skrubu za msingi. Si rahisi kupima katikati ya shimo, kwa hiyo pima kutoka ukingo wa nje wa shimo moja hadi ukingo wa nje wa la pili, kisha toa kipenyo cha shimo moja. Kwenye Remington 700, kwa mfano, utapata milimita 21.8 mbele na 15.4 nyuma.

Skrubu imepotea. Naweza kuweka ya milimita?

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote kwenye bunduki za Marekani. Skrubu yao ya kawaida ya msingi ni ile iitwayo 6-48: kipenyo chake ni milimita 3.5, na ina nyuzi 48 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 0.53 kati ya uzi na uzi. Skrubu ya M3.5 ina kipenyo hichohicho lakini hatua yake ni 0.6. Itaingia mzunguko mmoja au miwili vizuri kabisa, kisha itakwama, na ukilazimisha utakata nyuzi za kwenye mwili wa bunduki. Za baadaye, 8-40, zina milimita 4.2 na hatua ya 0.635, nazo zinafanana kwa macho na M4 ya hatua 0.7. Nunua kipimo cha nyuzi, ile seti ya vibati vyenye meno. Bati likikaa kwenye skrubu bila mwanga kupita, umepata jibu.

Urefu nao una hatari yake. Skrubu ya mbele ikizidi urefu, kwenye miili mingi inafika kwenye nyuzi za mtutu au mahali masikio ya komeo yanapozunguka. Dalili yake ni komeo kuwa zito ghafla baada ya kufunga msingi. Funga skrubu moja moja huku ukifungua na kufunga komeo, na ile inayolifanya liwe zito ndiyo ya kukatwa.

Skrubu hazifunguki. Nifanyeje?

Bisibisi ya kawaida ina ncha inayopungua kama kabari, kwa hiyo inagusa mdomo wa mfereji tu na kuuchana. Tumia bisibisi ya fundi bunduki yenye ncha sambamba, inayojaza mfereji kwa upana na kina. Kisha:

1. Safisha mfereji kwa sindano. Mafundi wa zamani walitumia lakka kufungia skrubu, nayo hujaa humo.
2. Weka tone moja la mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha.
3. Gusa kichwa cha skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemu chenye moto kwa dakika moja hivi. Lakka hulainika.
4. Kabla ya kufungua, kaza kidogo kana kwamba unaifunga, kisha geuza.

Usitumie mwali wa gesi. Misingi mingi ya Ulaya imefungwa kwa skrubu na kulehemiwa kwa bati pia, na moto utailegeza bila wewe kujua mpaka siku ya kupiga.

Unaporudisha, skrubu za msingi za ukubwa wa 6-48 zinahitaji niutoni-mita 2 tu hivi. Vidole viwili na bisibisi fupi vinatosha.

Nawezaje kukadiria umri wa kishikio?

Namba ya hataza ya Marekani ni saa nzuri. Namba 2,000,000 ilitolewa mwaka 1935, 3,000,000 mwaka 1961, na 4,000,000 mwaka 1976. Kishikio chenye namba inayoanza na 2 hakikutengenezwa kabla ya 1935. Tahadhari moja: namba hukupa mwaka wa mwanzo tu, kwa sababu kiwanda kinaweza kuendelea kuigonga miaka 20 baadaye.

Kwa Ujerumani, DRP na DRGM ni herufi za hataza na za usajili wa miundo za kabla ya 1945, na DBP na DBGM ni za baada ya vita. Maandishi ya "West Germany" yanakuweka kati ya 1949 na 1990. Chini ya mitutu ya Kijerumani mara nyingi kuna mwezi na mwaka wa majaribio, kama 4.34, yaani Aprili 1934. Huo ni umri wa mtutu. Darubini na kishikio vinaweza kuwa vimeongezwa miaka 30 baadaye, na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa.

Usitupe boksi la kadibodi. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baadaye.

Kuna mashimo ya ziada yaliyozibwa kwa skrubu fupi. Yana maana gani?

Ni historia ya bunduki, kwa kawaida ya kilengeo cha tundu (kilengeo cha chuma chenye tundu la kuchungulia) au kishikio kilichotangulia. Mashimo mawili ubavuni kushoto kwa nyuma ni ya kilengeo cha tundu. Stith wa San Antonio, Texas, walijengea biashara juu ya mashimo kama hayo: kishikio chao kilitumia mashimo ya kilengeo nyuma na mfereji wa kilengeo kwenye mtutu mbele, ili mwenye bunduki asitoboe chochote. Ukikuta kishikio kilichoshika mtutu mbele na ubavu nyuma, anza na jina hilo.

Yapo pia mashimo yanayopunguza thamani. Winchester Model 70 za kabla ya vita, kuanzia 1936, hazikutobolewa kiwandani kwenye daraja la nyuma, yaani sehemu ya nyuma ya mwili wa bunduki. Mashimo hapo ni kazi ya fundi wa baadaye. Mauser 98 ya kijeshi nayo haikutobolewa, na ukikuta imetobolewa tazama pia mkono wa komeo uliopindwa na bawa la usalama lililobadilishwa, maana vile vya asili vyote viwili hugonga darubini iliyokaa chini. Buehler wa Orinda, California, waliuza bawa la usalama linalokaa chini kwa ajili ya tatizo hilo.

Inaweza kuwa ya mdunguaji wa kijeshi?

Inaweza, lakini bandia ni nyingi kuliko za kweli. Lee-Enfield No. 4 (T) ya Uingereza ina bamba mbili upande wa kushoto, kishikio chenye skrubu mbili kubwa za kukaza kwa mkono, na darubini No. 32, kishikio kina namba ya bunduki, na namba ya darubini imegongwa kwenye shingo ya kitako. Springfield M1903A4 ya Marekani ilitoka na msingi wa Redfield na darubini M73B1, ambayo kimsingi ni Weaver 330, bila vilengeo vya chuma. Namba zisipolingana, sema "aina ya" na usiseme "halisi".

Nataka darubini mpya, lakini kishikio cha makucha nibaki nacho.

Inawezekana, ila ni kazi ya fundi anayejua makucha. Pete za zamani mara nyingi zimelehemiwa kwenye bomba, na kuzihamisha kunahitaji kulegeza lehemu, kuchonga pete kwa kipenyo kipya, na kusawazisha miguu upya kwa tupa. Ushauri wetu ni huu: kama namba zinalingana, iache seti ilivyo hata kama kioo kina ukungu. Kioo husafishwa na mafundi wa darubini. Seti ikivunjwa haiungiki tena.

Naweza kuipaka weusi upya ili ipendeze?

Usifanye hivyo kabla ya kujua kila kipande ni cha nini. Maji moto ya kupaka weusi ni magadi makali yenye joto la nyuzi 140 hivi. Yanakula lehemu ya bati, na alumini inayeyuka humo huku ikitoa povu. Msingi wa Weaver ukitumbukizwa kwa bahati mbaya hautoki ulivyoingia. Kwa usafi wa kawaida, kitambaa cha pamba na mafuta mepesi ya mashine kwenye chuma, na usiruhusu mafuta yafike kwenye vioo.

Fundi au mtaalamu ataniuliza nini nikimwandikia?

Jina na namba ya modeli ya bunduki, kipenyo cha bomba, umbali wa mashimo, matokeo ya sumaku, na jinsi darubini inavyotoka: kwa kunyanyua nyuma, kwa kuzungusha, kwa wenzo, au kwa bisibisi. Ongeza picha ya chini ya kishikio ukiweza kuipata kwa kioo. Ukiwa na majibu hayo, mara nyingi hatahitaji kuiona bunduki yenyewe ili akupe jina.